Jinsi chama chetu kilivyoacha kungoja ugonjwa ndipo tulipe SHA

Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama wanaouza sokoni Kongowea, Mombasa. Hatuna mwajiri wa kutukata 2.75% ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya bima ya afya. Tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya, ichukue nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, watu kama sisi tunatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Unaulizwa kuhusu paa la nyumba, choo, maji na unachopikia, kisha unapangiwa kiwango. Cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka.

Karibu sote tulijisajili, lakini waliolipa walikuwa wachache. Nilipouliza, mmoja wao alinipa hesabu kamili. "Dada, zahanati natibiwa bure kwa kuwa nimejisajili. Nikilazwa hospitali kubwa, nitalipa siku hiyo hiyo. Sasa nitoe pesa leo, mzima, za nini?" Hesabu yake ilikuwa na maana. Enzi za NHIF hilo halikuwezekana: aliyejiunga kwa hiari alingoja siku 90 kabla ya kutibiwa, na aliyechelewesha malipo alitozwa faini. Watu walilalamika sana, ila walilipa mapema.

Jibu nililipata kwenye daftari langu mwenyewe. Kila mwenzetu alipolazwa, tulichanga. Ukurasa wa ugonjwa ulijaa mia mbili mbili na mia tano tano, nyingi zimetoka kwa wale wale waliokwisha lipa bima zao. Kumbe anayelipa alikuwa analipa mara mbili, na bima ya yule anayengoja ilikuwa ni sisi! Mchango wetu, tulioutoa kwa huruma, ndio uliomfanya mtu asione haja ya kulipa.

Nikalipeleka kikaoni. Chama kimlipie kila mwanachama mwaka mzima kutoka kwenye akiba, naye arudishe kila wiki pamoja na pesa ya mzunguko, ile tunayopokezana kwa zamu, bila riba. Mwenye 3,600 atarudisha shilingi 70 kwa wiki. Aliyepangiwa 6,000, shilingi 120. Na mchango wa ugonjwa uende kwa mwenye bima hai pekee, kwa yale ambayo bima haiyagusi: nauli, chakula cha anayeuguza, dawa zinazokosekana hospitalini.

Mama mmoja mtu mzima alisimama. "Mwanangu, utamwacha mwenzio afe kwa ajili ya bima?" Kikao kilinyamaza, na mimi sikuona aibu kurekebisha pendekezo, maana chama ni cha kusaidiana kwanza. Tukakubaliana kwamba hata aliyekataa mpango, akiugua, chama kitamtolea pesa ya mwaka. Lakini itakuwa deni lake, atalirudisha, na hatutapitisha bakuli.

Bado wengine walisitasita hadi mwenzetu muuza vitunguu alipotusimulia usiku wake. Mtoto alizidiwa saa saba za usiku. Hospitalini aliambiwa alipe bima ya mwaka au aweke amana. Kwenye M-Pesa hakuwa na pesa ya kutosha, akaanza kuamsha jamaa mmoja baada ya mwingine. Pesa ilipotimia, akaambiwa mfumo haupatikani, asubiri asubuhi. Amana ikabidi itoke vilevile, na mtoto alikuwa hapo kwenye benchi, kichwa mapajani mwake. Nilipanga maneno mengi ya kuwashawishi, lakini baada ya hayo sikuyahitaji. Siku hiyo hiyo waliobaki walinipa namba zao za vitambulisho.

Wapo waliopendelea Lipa SHA Pole Pole, mkopo wa serikali wa kulipia mchango wa mwaka kidogo kidogo, nao ni sawa. Sisi tunajali bima iwe hai, mlango wa kuingilia ni wa mtu mwenyewe.

Kazi iliyobaki ni kulipia upya. Asiyeugua mwaka mzima ndiye anayenung'unika kwamba pesa yake imeliwa, na nikimwangalia naona karudi pale pale pa kungoja. Kwa hiyo wote tunalipia upya katika mwezi ule ule mmoja, kabla mzunguko haujaanza upya. Januari tumeikwepa kwa sababu ya karo, na Ramadhani pia. Daftari la bima nimemkabidhi katibu, ili mshika pesa asiwe ndiye anayethibitisha nani kalipiwa. Kila mmoja anapiga *147#, namba ya SHA, kuona kama bima yake iko hai, hapo hapo kikaoni, na katibu anaisoma simu yake kabla ya kutia alama.