Kuvua trauti kwa nzi bandia katika vijito vya Nyandarua

Mtu aliyezoea kuona uvuvi wa nzi bandia, yaani ndoana iliyovishwa uzi na manyoya ili samaki aidhanie mdudu, kwenye mito mipana hudhani kwamba kazi kubwa ni kuurusha mshipi mbali. Katika vijito vinavyoteremka kutoka milima ya Nyandarua nchini Kenya, ambavyo mahali pengi mtu mzima anaweza kuviruka kwa hatua moja ndefu, hali ni tofauti kabisa: trauti, samaki wa maji baridi, yuko mita nne au tano tu mbele yako, matawi yamefunika anga, na kinachoamua kama utampata ni namna ulivyofika hapo ulipo. Hayo nimejifunza kwa miaka kadhaa ya kupanda vijito vya upande wa Nyeri, na nayaandika kwa kirefu kwa sababu wenzangu wengi waliozaliwa chini ya milima hii hawajui kwamba samaki hao wapo.

Kutojua huko kuna sababu. Sisi Wakikuyu hatukuwa na desturi ya kula samaki, na wazee wengi wa kizazi cha babu yangu hawakumgusa hata alipopikwa vizuri. Tena trauti si samaki wa asili wa mito yetu. Aliletwa mwaka 1905, wakati mlowezi Ewart Grogan alipoagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka ziwa la Loch Leven, Uskoti, na samaki waliotokana nayo wakatiwa katika mto Gura. Trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni pwani za bahari ya Pasifiki, alifuata baadaye. Mito mingine ya eneo hili imekuwa ikiongezewa vifaranga kutoka kituo cha kutotolea samaki cha Kiganjo, lakini juu kabisa, kwenye vijito ambavyo hakuna anayejisumbua kupeleka vifaranga, samaki huzaliana wenyewe kizazi baada ya kizazi, na hao ndio ninaowafuata mimi.

Trauti anahitaji maji baridi, safi, yenye hewa nyingi; joto la maji likizidi nyuzi 20 hivi huanza kudhoofika. Jike huchimba shimo kwa mkia katika kokoto, akataga, kisha akayafukia mayai, na uhai wa mayai hayo hutegemea maji yanayopenya kati ya kokoto. Tope laini kutoka shamba lililolimwa mpaka ukingoni likijaa katika nafasi hizo, mayai hukosa hewa na kufa. Kwa hiyo unapopanda kijito kutoka mashambani kwenda msituni, kupita majani chai na kuingia kwenye mianzi, mabadiliko utayaona kwa macho: chini mawe yana utelezi wa tope, juu kokoto zinang'aa, na samaki wanaanza hapo.

Kuhusu ruhusa, sitasema mengi. Ndani ya hifadhi ya taifa hulipwa kiingilio, na uvuvi wa trauti unahitaji leseni yake. Jambo ambalo silifanyii mzaha ni kwenda na askari wa wanyamapori. Sauti ya maji hufunika sauti nyingine zote, nawe umeinama ukitazama mkondo. Nyati au ndovu anaweza kutokea kwenye mianzi hatua chache nyuma yako bila wewe kusikia lolote. Mimi hutazama maji, askari hutazama msitu.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja wa kijiji cha jirani ambaye ujanani alikuwa akibeba mikoba ya wavuvi wageni, akajifunza kwa kuwatazama. Siku ya kwanza hakuniruhusu hata kuufunga ufito wa kuvulia. Tulifika chini ya kidimbwi kidogo, nami nikasogea ukingoni nione kama kuna kitu.

"Rudi nyuma, kijana," akasema. "Hapo uliposimama ameshakuona."

"Guka," nikamwita, yaani babu kwa Kikuyu, "mbona hata mimi sijamwona?"

"Ndiyo nakwambia. Yeye amekuona wewe. Twende kidimbwi cha juu, na safari hii upige magoti."

Baadaye nilikuja kuelewa sababu ya maagizo yake. Samaki kijitoni hukaa ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka, kwa kuwa chakula huletwa na mkondo, na kwa hiyo anayekuja kutoka upande wa chini humfikia kwa nyuma, mahali ambapo macho yake hayaoni vizuri. Pia mwanga hupinda unapoingia majini, hivyo samaki huona mambo ya juu kupitia duara moja lililo juu ya kichwa chake, na kila kitu kilicho chini karibu na usawa wa maji hufinywa mpaka kikawa vigumu kuonekana. Mtu aliyesimama wima huingia katika duara hilo. Aliyepiga magoti kwa umbali wa kutosha hubaki nje yake. Kisha kuna mtikisiko: trauti ana mstari ubavuni unaohisi mitetemo ya maji, na jiwe moja likigongana na jingine chini ya kiatu chako, kidimbwi kizima kinapata habari. Siku hizi hutumia muda mrefu zaidi kupanga njia ya kufika kuliko kuvua kwenyewe, na sioni kama muda huo unapotea.

Vifaa vyangu ni vya kawaida. Ufito wangu una urefu wa mita 2.1, kwa sababu mrefu zaidi hunasa katika mianzi. Mbele ya mshipi mzito nafunga uzi wa nailoni usio na rangi, wenye urefu wa mita mbili hivi na unaopungua unene kuelekea ncha. Miwani inayokata mng'ao wa maji ni ya lazima, maana bila hiyo unavua kwa kubahatisha.

Nzi wangu natengeneza mwenyewe jioni mezani. Nachukua ndoana ndogo, namba 14, na kwanza nakibana kwa koleo kile kijino kinachoizuia isichomoke, ili samaki aachiwe bila kuchanika mdomo. Nazungusha uzi mweusi kufanya mwili, juu yake napitisha waya mwembamba wa shaba niliouchomoa katika koili ya redio mbovu, kisha nachukua nyoya la shingo la jogoo mweusi na kulizungusha kutoka nyuma mpaka mbele, vinyweleo vikasimama pande zote. Ukimtazama mkononi hafanani na mdudu yeyote hasa. Lakini pindua jiwe la kijitoni utazame upande wake wa chini: utakuta wadudu wadogo bapa wenye mikia miwili au mitatu wakikimbia kujificha, na mabuu waliojijengea vijumba vya mchanga na vipande vya majani, ongeza chungu na mbawakavu wanaoanguka kutoka vichakani. Wengi wao ni weusi au wa kahawia iliyokolea, na samaki wa kijito cha mlimani, ambapo chakula ni haba na maji yanakwenda mbio, hana nafasi ya kuchunguza sana.

Anachokichunguza ni mwendo. Nzi bandia akiburutwa na mshipi, akaenda kasi kuliko povu lililo kando yake, samaki humwacha apite. Ndiyo maana ukaribu una faida ya pili: ukiwa mita nne tu kutoka kwenye samaki, unaweza kuinua ufito juu mpaka mshipi wote mzito ukawa hewani, na kinachogusa maji ni nusu mita ya mwisho ya uzi, hivyo nzi husafiri kwa kasi ya mkondo uleule. Mahali matawi yalipofunga kabisa, nashika ndoana kwa vidole viwili nyuma ya mpindo wake, naivuta mpaka ufito upinde kama uta, kisha naachia. Nzi hupita chini ya matawi akatua mbele. Mbinu hii niliifanyia mazoezi nyuma ya nyumba, nikilenga sufuria iliyowekwa chini ya mti wa mpera.

Samaki wa kwanza niliyempata peke yangu, bila Guka kunielekeza, alikuwa nyuma ya jiwe lililogawa mkondo, pale maji ya kasi yanapokutana na maji yaliyotulia. Nilimwona kwanza kama kivuli kinachoyumba pasipo kuondoka. Nzi alitua majini kabla kidogo ya jiwe, upande maji yanakotoka, akashuka pembeni, kivuli kikapanda, na ndani ya maji nikaona weupe wa mdomo ukifunguka na kufunga. Nikainua ufito. Niliulowesha mkono kwanza, kwa kuwa mkono mkavu huondoa ute unaomlinda, ndipo nikamshika. Hakuzidi urefu wa kiganja changu na vidole vyake. Mgongo ulikuwa wa rangi ya zeituni, tumbo la njano kama siagi, na ubavuni alikuwa na madoa mekundu, kila moja limezungukwa na duara hafifu la weupe. Mabaka meusi ya utotoni yalikuwa bado yanaonekana chini ya madoa hayo, na mapezi yake yalikuwa mazima na makali pembeni, tofauti na ya samaki waliokulia katika mabwawa ya saruji, ambao mara nyingi mapezi yao huwa yamelika. Nilimwelekeza kichwa kwenye mkondo mpaka akajiondokea mwenyewe.

Karibu wote ninaowapata nawaachia, kwa kuwa kidimbwi kimoja hakibebi samaki wakubwa wengi na ukuaji ni wa polepole katika maji baridi. Silaumu anayekula wawili watatu anaoruhusiwa na leseni yake. Ninachopinga kwa nguvu ni kuwahamisha trauti kuwapeleka vijito ambavyo hawajafika, hasa juu ya maporomoko, kwani huko kuna viumbe wa majini waliokuwepo kabla yake na wasio na njia ya kumkwepa.

Majira ninayoyapenda ni Januari na Februari, kabla ya masika ya Machi hadi Mei, ambapo maji huwa machache na angavu, na samaki huonekana, ingawa nao hukuona kwa urahisi zaidi. Kuanzia Juni hadi Septemba ukungu na baridi hukaa msituni, na saa bora ni kati ya saa nne na saa nane mchana, wadudu wanapochangamka kwa joto. Mvua kubwa ikinyesha juu mlimani, kijito hubadilika rangi ndani ya dakika chache, na hapo natoka majini mara moja bila kusubiri niambiwe na askari.