Nishani yako, mechi ya mwenzako

Mwishoni mwa Aprili 2008 Valve walitoa toleo jipya la Team Fortress 2, mchezo wao wa kupigana kwa timu mtandaoni, lililompa daktari wa timu nishani 36 (alama za kutimiza sharti fulani mchezoni) na silaha 3 mpya. Silaha hazikuuzwa. Ulizipata kwa kufikisha idadi fulani ya nishani. Mchezo ule una aina tisa za wapiganaji, na kilichofuata hakikuhitaji mganga wa kupiga ramli: seva zilifurika madaktari, wagonjwa hakuna. Zikazuka hata ramani za pembeni za kuvunia nishani tu, watu wamekubaliana kupeana zamu ya kufa. Mwaka uliofuata Valve waliongeza njia ya pili, silaha zikawa zinamwangukia mchezaji kwa bahati kadiri anavyocheza.

Xbox walianza mambo haya 2005, PlayStation wakafuata 2008 na vikombe vyao, na Google Play kwa Kiswahili wanaziita mafanikio. Mimi nitaziita nishani, maana ndivyo zinavyovaliwa.

Kwenye mchezo wa mtu mmoja, nishani ya kipuuzi humpotezea muda yule aliyeitaka. Kwenye mchezo wa wengi, gharama inawaangukia waliomo ndani ya mechi, na wao hawakuiomba. Kwa hiyo kila nishani unayoandika, jiulize: anayeiwinda atawafanyia nini wenzake? Katika zile 36 mna moja ya kutibu wenzako 200 baada ya wao kuita daktari. Anayeiwinda anakimbilia kila anayelia, na timu inafaidi. Mna nyingine ya kusaidia kuua maadui 3 kwa kinga moja, ile ngao ya sekunde chache ambayo daktari huijaza kwa kutibu, ukiwa umeielekeza kwa skauti. Skauti ndiye mwenye mbio kuliko wote. Kwa kawaida kinga ile ingekwenda kwa mwenye bunduki nzito. Anayewinda nishani hii anachezea akiba ya timu nzima, na wenzake hawajui kwa nini wanafungwa.

Nichukue mfano wa karibu: bao la Kiswahili mtandaoni, watu wawili, ubao wa mashimo 32 na kete 64. Andika nishani inayosema "kula kete 20 kwa mtaji mmoja", yaani kwa zamu moja ya kula, uone. Mchezaji ameshinda kabisa, mpinzani amebakiwa na vikete vitatu vinne mbele, lakini hamalizi. Anazungusha, anatakata (anasambaza kete bila kula) hapa, anakula kidogo pale, anamwacha mwenzake ajijenge upya ili mashimo yajae tena. Mpinzani anayeshindwa amekaa dakika kumi akitazama simu, na wengi watazima. Tatizo hapa ni sharti linalolipa kuchelewesha. Geuza liwe "shinda mchezo kete zako za kunamua zikiwa hazijaisha", ushindi ambao wenyewe wanauita mkononi. Kila mchezaji anaanza na kete 22 za kunamua, za kuingiza ubaoni moja moja, kwa hiyo mpaka unaeleweka, na sharti linamsukuma amalize haraka.

Nishani ya kushinda mara 10 mfululizo ni mtego mwingine. Inazaa kuchomoka kabla ya kufungwa, kukwepa wapinzani wakali, na akaunti ya pili ya kuchezea ovyo. Ukiing'ang'ania, basi anayekatika mtandao na asirudi ndani ya sekunde 60 ahesabiwe ameshindwa, na sheria hiyo iwe imefanya kazi wiki kadhaa kabla nishani haijatoka. Ningeitupa. Nafasi yake weka "cheza na wapinzani 30 tofauti" na "kubali marudio baada ya kufungwa, mara 5". Hii ya pili inafaa kuliko zote, maana aliyeshinda anapata mtu wa kucheza naye tena na aliyefungwa anapata sababu ya kubaki. Kumbuka pia kwamba katika mchezo wa watu wawili kila mechi ina aliyefungwa. Nishani zote zikidai ushindi, nusu ya viti vinatoka mikono mitupu.

Sasa kuhesabu, ambako ndiko kwenye kazi. Hesabu ikae kwenye seva, nukta. Programu ya simuni isiwe na mamlaka ya kusema "nimeshinda", kwa sababu inaweza kuchezewa, na hata isipochezewa mtandao wetu utaiumbua. Simu inatuma taarifa kwamba mechi imeisha, mnara unazima kabla jibu halijarudi, simu inatuma tena, na ushindi mmoja umeshakuwa miwili. Dawa ni kuipa kila mechi nambari yake seva inapoifungua, kisha kwenye jedwali la nishani uweke ufunguo usiojirudia wa vitu vitatu: akaunti, nishani, nambari ya mechi. Taarifa ikija mara ya pili databesi inaikataa yenyewe. Idadi unaipata kwa kuhesabu safu mlalo za jedwali hilo. Usiweke namba moja unayoiongeza tu, kwa sababu siku ikiharibika huna pa kuirudishia.

Google Play wana nishani za hatua, zenye hatua 2 hadi 10,000, na njia mbili za kuzisogeza. `increment` inaongeza juu ya zilizopo. `setSteps` inasema "amefikia angalau hatua hizi". Tumia ya pili. Ukiituma mara kumi matokeo ni yale yale. Pointi zao ziende kwa mafungu ya 5, nishani moja isizidi 200, na mchezo mzima usizidi 1,000, kwa hiyo gawanya ukiwa umebakiza akiba ya nishani za mwakani. Kwenye Steam, duka la Valve la michezo ya kompyuta, kosa la kawaida ni kuita `SetAchievement` na kusahau `StoreStats`: unashangaa kwa nini seva zao hazijui kitu. Na kwenye mipangilio ya nishani mna sehemu ya nani anaruhusiwa kuitoa. Kwa mchezo wa wengi chagua seva ya mchezo.

Baada ya hapo utakutana na waliouza mechi. Ndugu wawili, simu mbili, meza moja, mmoja anajisalimisha baada ya zamu tatu. Usihesabu mechi yenye zamu chini ya 8 kwa kila upande iliyoisha kwa kujisalimisha, na mpinzani yule yule asihesabiwe zaidi ya mara 3 kwa siku. Lakini usiwafungie watu kwa sababu tu wanatokea anwani moja ya intaneti. Kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya nje, na wazee wa baraza moja wanaotumia waifai ya duka moja wataonekana kama genge. Anwani iwe dalili ya kuangalia zaidi, si hukumu.

Viwango vya idadi watu hubuni kwa kutazama dari. Gears of War ya 2006 ilidai kuua watu 10,000 kwenye mechi za mtandaoni za kupangwa kwa viwango. Piga hesabu: mtu anayeua 20 kwa mechi anahitaji mechi 500, na kwa robo saa kila moja ni saa 125. Left 4 Dead walidai mazombi 53,595, moja zaidi ya yale ya mchezo wa Dead Rising, ambao namba yao ilitoka kwenye idadi ya wakazi wa mji wa kwenye hadithi. Utani mzuri, na mazombi hayaishi. Wapinzani binadamu huisha. Wewe toa kumbukumbu za mechi za siku 30, panga wachezaji kwa idadi ya mechi walizocheza, umtazame aliye katikati. Akiwa amecheza 9, basi nishani ya mechi 100 kwake ni kazi ya karibu mwaka mzima. Ngazi ya 1, 10, 50, 250 inatosha, na ile ya 1 itoke kwa kumaliza mechi ya kwanza hata kama amefungwa.

Mchezo ukiwa tayari una watu, hesabu mechi zao za zamani. Mchezaji wa miaka mitatu akifungua ukurasa akakuta 0 kati ya 250, umemtukana. Na kuna faida zaidi ya heshima. Joseph Nunes na Xavier Drèze, kwenye utafiti waliouchapisha 2006, waligawa kadi za kuosha magari: nyingine zilitaka mihuri 8, nyingine mihuri 10 huku 2 imeshagongwa. Kazi ni ile ile, lakini waliomaliza walikuwa asilimia 19 kwa kadi ya kwanza na 34 kwa ya pili. Ila hesabu ya nyuma iendeshe kwa mafungu usiku, na mtu umpe ujumbe mmoja wa jumla. Vibango 14 vya kutangaza nishani vikimrukia mfululizo kwenye skrini akiwa na sekunde 30 za kufikiria mtaji, atapoteza mchezo kwa sababu yako. Kwa kweli hakuna kibango kinachopaswa kutokea kabla mechi haijaisha.

Zawadi: usitoe nguvu. Daktari wa 2008 ametufundisha. Toa kete za rangi, ubao wa mninga, jina chini ya picha. Na usiweke nishani kwenye jambo ambalo watu wanalifanya tayari kwa raha yao, kama kusalimiana kabla ya mchezo. Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett waliwaahidi watoto wa chekechea cheti kwa kuchora kwa kalamu za rangi, kazi waliyokuwa wakiipenda. Wiki moja au mbili baadaye waliokuwa wameahidiwa cheti walizigusa kalamu kwa karibu nusu ya muda wa wenzao. Salamu ikilipwa inageuka kubonyeza kitufe.

Anza na nishani 12. Kwenye Google Play ukishachapisha nishani huwezi kuifuta, na kwenye majukwaa mengine ukiifuta utasikia kelele za walioitolea jasho. Kabla hujabonyeza kuchapisha, zipitie zote 12 ukijiambia ni Jumanne saa nane usiku na waliopo mtandaoni ni wanane. "Wapinzani 30 tofauti" itapona, kwa sababu inakusanywa kwa wiki nyingi. "Shinda mashindano ya watu 16" haitapona. Ipunguze iwe ya wanne.