Eti mgambo wa wazungu

Jana kwenye grupu la Wabongo wa huku mtu kaweka picha yangu, nimevaa sare nimesimama nje ya uwanja wa mpira mvua inanipiga, chini kaandika "mgambo wa wazungu, anaganda bure". Watu wakacheka weee mpaka usiku wa manane. Nikijibu kule utakuwa ugomvi, bora niandike hapa.

Ndio, ni bure, sikatai. Hapa Uingereza kuna polisi wa kujitolea, wanaitwa Specials, kila mtu ana kazi yake ya kumlisha, kuna walimu, wahasibu, madereva, na wabeba box kama mimi ambao katikati ya wiki tupo ghalani tunapanga mizigo halafu Ijumaa usiku tunavaa fulana ya kuzuia visu. Unatakiwa utoe kama masaa 16 kwa mwezi, mshahara hakuna, unarudishiwa nauli na vigharama vidogo basi. Ila kwenye hilo neno mgambo ndio sikubali. Kiapo nimekula mbele ya hakimu, mamlaka ya kumkamata mtu ni yaleyale ya polisi wa mshahara, England yote na Wales, pingu zilezile, rungu lilelile. Na sio kitu cha juzi, sheria yao ya zamani ni ya mwaka 1831. Mlevi wa saa nane usiku akitaka kukurushia chupa hakuulizi kwanza kama upo kwenye pay roll.

Halafu anayecheka ni mtu ambaye kwetu akiona askari kwa mbali anavuka barabara huku anapapasa mfuko. Naelewa. Kwetu polisi ukiambiwa halipwi utauliza anakula wapi, na jibu unalo. Ndio maana hawaamini kwamba natoka zamu na mfuko vilevile nilivyoingia nao.

Majuzi nimekesha hospitali na kijana mmoja kavunja kioo cha duka kwa ngumi, mkono umevimba kama andazi, yupo chini ya ulinzi na mimi ndio ulinzi wenyewe, viti vya plastiki, foleni haisogei. Akaniuliza nalipwa ngapi kwa usiku. Nikamwambia sifuri. Akaniangalia juu mpaka chini, akamwita nesi, "dada, muanze na huyu." Nesi hoi kwa kicheko. Kufika alfajiri dogo kalala begani kwangu anadondosha mate kwenye redio.

Sasa ghalani mwaka wa ngapi huu supavaiza ananiita kwa kuninyooshea kidole. Kule kituoni sajenti ananiuliza "wewe umeona nini?" na ninachosema kinaandikwa, kinaweza kufika mpaka mahakamani na jina langu lote la kibantu, walitamke wanavyoweza. Hiyo pauni ngapi? Nipigieni hesabu nyie wa grupu.

Kwa mnaotaka kujaribu, msikurupuke. Kama upo kwa viza ya kea, ile ya kutunza wazee na wagonjwa, au ya uanafunzi usijisumbue, wanataka ukaazi usio na kikomo au uraia kabisa, na uwe umeishi hapa kama miaka mitatu ili waweze kukuchunguza. Na wanachunguza kweli. Madeni wanaangalia, ulichopost wanaangalia, na sio wewe peke yako, mpaka watu unaokaa nao nyumba moja unawaandika. Mimi nilipowaambia wenzangu wa nyumba nahitaji majina yenu kamili na tarehe za kuzaliwa nyumba ilikuwa kimya kama msibani, mmoja alihama wiki hiyohiyo na mpaka leo simu hapokei. Na kama unalinda milango ya klabu, vituo vingi hawakuchukui, wanaona maslahi yanagongana.

Kuna makampuni yanawapa watu wao siku za kwenda kazi hii na mshahara unaingia kama kawaida. La kwangu halimo, nikitoka zamu ya usiku halafu Jumamosi wakaniita ovataimu nakwenda macho mekundu, na nikisinzia hakuna wa kunionea huruma. Nadhani na wenyeji wenyewe wamechoka, mwaka 2012 hawa wa kujitolea walikuwa zaidi ya elfu 20, siku hizi hata elfu 7 hawafiki.

Wengine wanaifanya ngazi ya kuingia polisi ya mshahara, na kama wewe ni kijana ifikirie, unaonja kazi kabla hujaacha ya kwako. Mimi magoti yangu hayanitumi huko. Nitabaki na Ijumaa zangu, mke wangu alishakubali kwa sharti moja tu, sare nafua mwenyewe.