Breki za mbele, aleni namba 7, na siku nzima imekwisha

Saa 9 na nusu usiku

Simu yalia, naizima haraka isije ikaamsha watoto. Mie nabeba mboga na matunda kutoka soko la Kongowea, Mombasa, napelekea mahoteli na mikahawa kuanzia Nyali mpaka Bamburi, gari ni yangu mwenyewe, kivani kidogo cha Kijerumani kilichotumika Uingereza kabla hakijaletwa huku. Nataka niwaeleze siku ya leo ilivyokwenda kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa breki za mbele tu, padi na disiki, kitu ambacho kwenye Toyota Probox niliyokuwa nayo kabla ya hii nlikuwa naanza baada ya chai na adhuhuri ikiadhiniwa nshanawa mikono.

Saa 10 alfajiri

Kongowea. Malori ya bara yashaanza kushusha, viazi, kabeji, karoti, nyanya kwenye makreti, hamali wanapita na magunia wanapiga kelele njia njia na wewe unabana gari ukutani wapite. Nilipopiga rivasi breki ikatoa sauti, na si ile ya kulia niliyoizoea wiki mbili hizi, hii ni ya kukwaruza, chuma juu ya chuma. Hamali mmoja akageuka akaniambia ami, hizo breki zaomba msaada. Spea nshanunua tangu wiki iliyopita, ziko nyumbani chini ya kitanda, muda ndo ulikuwa haupatikani. Nikasema leo ndo leo, gari imejaa makreti na huku Kisauni watoto wa shule wanavuka barabara kuanzia saa 12, siwezi kwenda kwa kubahatisha.

Saa 11 na nusu

Swala, alafu mahamri mawili na mbaazi kwa mama wa pale kando ya stendi. Chai nakunywa nimesimama.

Saa 12 mpaka saa 3 asubuhi

Nimesambaza mzigo polepole, naacha nafasi kubwa mbele, nashuka na gia badala ya kukanyaga. Sina mengi ya kusema hapa, jikoni wamepokea, wamesaini, mmoja kalalamika nyanya zimeiva sana.

Kuna mtu ataniuliza kwa nini nisipeleke gereji nikalala zangu. Nimewahi. Mwaka jana niliipeleka mahali, sitataja, ikarudi na vibanio viwili vya chini havipo na bolti moja ya eksile kichwa kimelika kabisa, kimekuwa duara. Bolti ile ilikuwa na ncha 12 ndani, na fundi hakuwa na chombo chake, kwa hivyo akachukua biti ya Torx, ile ya nyota yenye ncha 6, inayokaribia akaigonga na nyundo ikaingia, akazungusha, ikakata zile ncha zote. Nililipa kufunguliwa kwa kuchomelewa nati juu yake, nililipa bolti mpya, nilipoteza siku mbili za kazi. Tangu hapo nimeamua kazi ninayoiweza naifanya mwenyewe, maana nikiharibu najua nimeharibu nini.

Saa 4 na nusu

Nyumbani, chini ya mwarobaini. Nimetia mawe nyuma ya tairi, nimepiga jeki, nimeweka stendi. Tairi za hii gari hazina nati, zina bolti zinazoingia ndani, kichwa cha milimita 17, na moja kila tairi ni ya kuzuia wizi, inataka kifunguo chake chenye mchoro wa peke yake. Hicho kifunguo nimekifunga kwa kamba ndani ya gari tangu siku niliyoinunua kwa sababu najua watu waliopokea gari bandarini, kifunguo kimebaki huko ilikotoka, na pancha ya kwanza ikawakuta barabarani usiku.

Tairi likatoka. Kalipa ndo hii, kile chuma kinachobana padi kwenye disiki. Nyuma yake kuna vifuniko viwili vya plastiki, nikaving'oa na bisibisi flati, ndani kuna tundu refu na mwisho wa tundu ndo kuna pini ya kuongozea kalipa, ina kichwa cha aleni, yaani tundu la pembe sita. Nikatia namba 6, inazunguka bure. Nikatia namba 8, haigusi hata mlango. Nikalala chali nikamulika na simu, nikaangalia vizuri, nikatoa seti yangu nzima nikaipanga juu ya gunia: 3, 4, 5, 6, 8, 10. Kati ya 6 na 8 hakuna kitu. Ni 7.

Nlikaa pale chini nikaitazama ile seti kama dakika tano. Seti nilinunua mpya, kwenye kisanduku chake, na aliyeitengeneza hakuona haja ya kutia 7, na aliyetengeneza gari akaona pini zote nne za breki za mbele ziwe 7. Mie niko katikati yao na tairi moja iko chini.

Saa 5 na nusu

Matatu mpaka mjini, daraja la Nyali foleni, nikashukia Mwembe Tayari. Duka la kwanza: "Saba haiko, kaka, hazitengenezwi hizo." Duka la pili wakanipa 6 wakaniambia nizungushie kikaratasi. Wallahi, breki, kikaratasi! Duka la tatu la nne hamna.

Na nikiwa huku nlitaka pia biti ya Torx T30 kwa sababu disiki yenyewe imeshikwa na skrubu moja ya T30, na seti yangu ya Torx inaishia T27. Hapo ndo utajua maneno yetu hayatoshi. Kwetu star ni bisibisi ya msalaba, kuna flati na kuna star, basi, mtu akisema star kila mtu ajua. Sasa ukimwambia muuzaji nataka star ya pembe sita anakuletea msalaba, ukimwambia si hiyo anakuletea aleni kwa sababu nayo ni pembe sita, ukimchorea kwenye mkono anakuletea ile ya ncha 12, na ile ya ncha 12 ukiiangalia haraka waweza kuapa ndo yenyewe. Kuna na nyingine ya Torx imetobolewa katikati, kwa sababu kwenye skrubu zingine wanaweka kijiti ndani ya tundu ili biti ya kawaida isiingie. Nimejifunza kutoongea, nahesabu. Nilipiga picha ile skrubu kabla sijatoka nyumbani, nikampa muuzaji wa duka la tano simu, nikamwambia mzee hesabu hizi ncha, ni 6 na zimeviringana, si kali. Akavaa miwani akahesabu. Akasema ahaa, hiyo ninayo. Akaingia nyuma akarudi na kopo la biti zimechanganyika, tukazimwaga kwenye kaunta tukatafuta pamoja, T30 ikapatikana, na chini kabisa ya kopo, imeshika grisi kavu, aleni ya 7 fupi ya kutia kwenye soketi. Mbili kwa 450. Sikupunguza bei, nlimshukuru mpaka akashangaa.

Saa 8 mchana

Jua lachoma, kivuli cha mwarobaini kimehama kimeniacha. Nikatia ile 7 kwenye soketi na ekstensheni, nikaisukuma ndani ya tundu, ikakaa. Hiyo kukaa ni kitu unakisikia kwenye kiganja, haichezi, haina pengo. Nikavuta mara moja pini ikaachia. Safari ya mjini na kurudi imekula saa mbili na zaidi, kazi ya kufungua haikufika dakika.

Bolti mbili kubwa za kushikilia breketi, ile fremu inayobeba kalipa, ni kichwa cha kawaida, 21, nikatia bomba kwenye mpini zikalia zikafunguka.

Sasa skrubu ya disiki. Hapa ndo Mombasa yenyewe inaingia, kwa sababu ule upepo wa chumvi unaotoka baharini hauachi chuma, na lile tundu dogo la T30 lilikuwa limejaa kutu na vumbi la breki mpaka ncha hazionekani. Ukitia biti juu ya huo uchafu itakaa juu juu, utavuta, itaruka, na ikisharuka mara moja ncha zimelika na hapo umekwisha. Nikachukua sindano ya kushonea magunia, nikachokoa, pembe moja moja, ule unga mwekundu ukatoka, nikapuliza, nikachokoa tena mpaka nikaona chuma kinang'aa chini. Nikapulizia mafuta ya kutu nikangoja.

Jirani yetu mmoja, mzee, alikuwa fundi wa mitambo bandarini miaka mingi, akatoka na kikombe chake cha kahawa akasimama. Nikamwamkia shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, usivute bado, akasema, ipige kwanza. Akanionyesha: tia biti, igonge na nyundo mara tatu nne za haki, ule mtikisiko ndo unaovunja kutu kwenye nyuzi, alafu zungusha kidogo kwa kukaza, ndipo ufungue. Nikafanya hivyo hivyo. Tak. Upande wa kushoto ukaachia.

Upande wa kulia haukukubali. Nilichokoa, niligonga, nilingoja, na nilipovuta nikasikia mkono umekwenda bila uzito, biti imeruka, na kwenye tundu ncha zimekuwa kama bakuli. Nlisikia moyo umeshuka. Mzee akasema usihangaike nayo, hiyo kazi yake ni kuishika disiki isianguke wakati tairi halipo, kinachoibana disiki ni bolti za tairi. Ikate.

Saa 10 jioni

Drili ya kuazima, waya kutoka dirishani, biti ya chuma ya 8. Nikatoboa pale pale katikati ya skrubu, polepole, tone la mafuta kila baada ya muda, mpaka kichwa kikajitenga kikabaki kimezunguka kwenye drili kama pete. Disiki ikatoka. Kile kipande kilichobaki kwenye habu, pale disiki inapokaa, maajabu, nikakishika na vaisi gripu, koleo ya kujifunga, kikazunguka kwa wepesi kabisa, kwa sababu kilichokuwa kinakibana ni kichwa chake.

Saa 12 na nusu

Adhana ya magharibi imenikuta nakaza bolti ya mwisho ya tairi. Disiki mpya, padi mpya, skrubu mbili mpya za T30 nimezipaka grisi kabla sijazirudisha. Nimekwenda nayo Kisauni mpaka karibu na daraja nikarudi, nakanyaga kidogo kidogo padi zishikane na disiki, hakuna sauti, inasimama sawa haivuti upande.

Saa 3 usiku

Nimekula, watoto wamelala, nimeshika simu nasoma kuhusu hizi bolti kwa sababu jambo limenikaa kichwani. Torx ilitoka Marekani mwaka 1967, na ina sababu yake. Ile star yetu ya msalaba iliyoenezwa na Henry Phillips miaka ya 1930, kuta zake zina mteremko, ukizidisha nguvu bisibisi inajisukuma nje yenyewe. Torx kuta zake zimesimama, nguvu yote inakwenda kwenye kuzungusha, kwa hivyo mashine kiwandani inakaza bila kuteleza. Hiyo naikubali kabisa. Hata ile ya ncha 12 kwenye eksile naikubali, bolti ni nyembamba na inabeba nguvu nyingi.

Ninachokikataa ni 7, na ninakataa kile kijiti ndani ya Torx. Sioni 7 inafanya nini ambacho 8 isingefanya. Na kijiti kazi yake ni moja tu, mtu asiye na chombo asifungue, na mtu mwenyewe ni mimi niliyelipa gari na ushuru wake. Gari nyingi za huku zinatoka Japani na Uingereza kwa sababu wote twaendesha kushoto, na hazifiki zikiwa mpya, sheria inataka zisizidi miaka 8, kwa hivyo matengenezo yake yote makubwa yanafanyika hapa kwetu, chini ya miti kama huu wangu. Ya Kijapani unakuja na 10, 12, 14 na 17 unafungua karibu gari nzima. Bolti ile ile ya Mjapani yenye kichwa cha 12 huku kwa Mjerumani ni 13, na hiyo si tabu, 13 iko kila duka. Tabu ni kile kisichokuwa kwenye duka lolote kati ya manne, na mzigo wa watu unangoja saa 10 alfajiri.

Wakati wa kununua gari watu huuliza injini, huuliza kilomita. Mie sasa ningeuliza pia bolti zake zataka nini.

Kabla sijalala nimetoka nje na maka peni, nikafungua mlango wa nyuma wa gari nikaandika kwa ndani, pale juu ambapo makreti hayafiki: tairi 17 na kifunguo cha kamba, kalipa mbele aleni 7, breketi 21, skrubu ya disiki T30 chokoa kwanza, eksile ncha 12 hesabu vizuri. Siku nikiiuza, atakayeichukua atakuta yote pale. Zile biti mbili nimezifunga kwenye kitambaa chenye mafuta, nimezitia mahali pamoja na kifunguo cha tairi.