Kompyuta nne, laini moja: nilivyofikisha intaneti uani

Nyumba yetu ya Tabata imejengwa kama nyumba nyingi za Dar es Salaam: nyumba kubwa mbele, na uani vyumba vitatu vilivyoongezwa kimoja kimoja kila fedha ilipopatikana. Laini ya intaneti inaingilia sebuleni, lakini wenye shida nayo wako uani: mdogo wangu anayesoma chuo, mwenye laptopu, na binamu yetu anayefanya kazi za uhasibu kwa kompyuta ya mezani. Mimi na baba tuko nyumba kubwa. Katikati pana kuta nne za tofali za saruji na stoo yenye mlango wa chuma.

Kabla ya laini hiyo tulitegemea modemu iliyochomekwa kwenye kompyuta yangu. Windows inaweza kugawa intaneti ya kompyuta moja kwa nyingine: kompyuta yako inageuka lango, inajipa anwani (namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao) 192.168.137.1, na wengine wote wanapitia kwako. Ilitufaa kwa muda. Ila ilibidi kompyuta yangu iwake saa zote, kwani nikiizima tu ili kuokoa umeme wa Luku, nasikia sauti kutoka uani: "Kaka, mtandao umekata!" Nilimwonea huruma mdogo wangu. Kazi za chuo zina saa ya mwisho ya kuwasilishwa, naye alikuwa anakaa kibarazani na laptopu mapajani ili apate mawimbi.

Laini ya kweli ilipokuja na ruta yake, kifaa kinachogawa intaneti kwa wote nyumbani, nilidhani mambo yamekwisha. Simu zilishika mtandao sebuleni vizuri kabisa, ila uani palifika kistari kimoja, mara kipo mara hakipo. Ruta hutoa mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 5 yana kasi lakini ukuta wa saruji huyadhoofisha upesi. Yale ya 2.4 hupenya zaidi, ila mtaa wetu una ruta nyingi zinazogombea masafa hayohayo. Nikaamua kuvuta waya.

Nilinunua Kariakoo mita 50 za waya wa mtandao, vichwa vya plastiki, koleo la kubania na ruta ya mtumba. Umbali wenyewe ulikuwa mita 38, na waya wa aina hii unaruhusiwa hadi mita 100. Niliupitisha chini ya paa ndani ya bomba la plastiki, maana jua letu hula ganda la waya, tena mbali na nyaya za umeme.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Ndani ya waya mna nyuzi nane, zimesokotwa mbili mbili. Nilizipanga kila jozi pamoja, ncha zote mbili sawasawa, nikabana. Kipimo cha waya, chenye taa moja kwa kila uzi, kikawasha taa zote nane. Lakini intaneti ilikuwa inakuja na kukata, faili dogo linachukua dakika kumi. Nilihangaika siku mbili hadi fundi mmoja jirani alipotazama kichwa kile akaniambia, "Mdogo wangu, hizi rangi hazipangwi kwa macho." Akanionyesha: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Tazama kijani inavyotenganishwa. Mashine hutumia nafasi ya tatu na ya sita kama jozi moja, kwa hiyo nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja lazima ziangukie humo. Mimi nilikuwa nimeweka hapo nyuzi za jozi tofauti, na kusokotwa ndiko kunakozuia kelele isiingie. Kipimo cha taa hakiwezi kulijua hilo, kinajua tu kwamba uzi umefika. Nilikata, nikabana upya, waya ukatulia.

Nikachomeka ruta ya mtumba uani. Baada ya muda kompyuta ya baba ikakosa intaneti, kisha yangu, ya binamu ikapata, halafu wakabadilishana! Hili ndilo ningependa kila mwenye ruta mbili alielewe. Ndani ya ruta mna kazi ya kugawa anwani, inaitwa DHCP. Kila kompyuta ikiwaka hubisha hodi na kuomba anwani, nayo hupewa namba pamoja na kuelekezwa lango la kutokea nje. Mimi nilikuwa na wagawaji wawili. Aliyejibiwa kwanza na ruta ya sebuleni alipata intaneti. Aliyejibiwa na ile ya uani alielekezwa 192.168.0.1, lango lisilotokea popote.

Nikaichomoa, nikaiunganisha na laptopu peke yake. Nilibadili anwani yake iwe 192.168.1.2, ili iwe jirani na ya sebuleni ambayo ni 192.168.1.1, kisha nikazima DHCP yake. Ile ya sebuleni nikaiambia ianze kugawa kuanzia 100, isije ikampa mtu mwingine namba 2. Waya nikauchomeka kwenye tundu la kawaida, si lile la intaneti. Ukitumia tundu la intaneti nako kompyuta za uani zitapata mtandao, ila zinakuwa kwenye mtandao wake wa pekee usioonekana kutoka sebuleni, na sisi tulihitaji sebuleni tuione printa iliyo kwa binamu. Jina la waifai na nywila nikaweka vilevile kote, ila chaneli, yaani njia ya mawimbi, nikaweka 1 mbele na 11 uani ili yasigongane.

Kasi yetu ni megabiti 20 kwa sekunde, na kwa kuwa baiti moja ni biti nane, hiyo ni megabaiti mbili na nusu kwa sekunde mkigawana wote. Masasisho ya Windows ya kompyuta moja yalitosha kuzimaliza, hivyo kwenye kila mashine nikaweka alama kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, na masasisho makubwa tunayashusha usiku.

Wiki iliyofuata mdogo wangu alitetea pendekezo lake la utafiti kwa video, saa nzima, akiwa chumbani kwake. Mama alikaa kibarazani akiwazuia watoto wasipite na kelele.