Kope linaloshuka jioni: anza na barafu

Kope linalolegea kadiri siku inavyosonga, kisha likanyanyuka mgonjwa akipumzika, linaashiria miastenia gravisi: ugonjwa ambao kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, zinashambulia vipokezi pale neva inapokutana na msuli. Weka barafu ndani ya glavu, ibandike juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika 2, kisha pima kwa rula papo hapo, kwani msuli ukipata joto kope hushuka tena. Likipanda milimita 2 au zaidi, majibu ni chanya. Bado kipimo cha damu cha kingamwili kinahitajika, pamoja na picha ya CT ya kifua kutazama thaimasi, tezi ya kinga iliyo nyuma ya mfupa wa kifua.

Pairidostigmini, dawa ya ugonjwa huu, kwa mtu mzima huanza na miligramu 30 hadi 60 kila saa 4 hadi 6. Anayepaliwa ameze nusu saa kabla ya chakula. Akiharisha na kutokwa mate mengi, dozi huenda imezidi.

Kwetu penye malaria, ninachohofia zaidi ni kwinini: huzidisha udhaifu hadi pumzi ikakatika. Antibiotiki za gentamaisini na siprofloksasini, na sindano ya magnesiamu, ni hivyo hivyo. Mwandikie mgonjwa majina hayo kwenye kadi. Asiyefikisha 20 akihesabu kwa pumzi moja, mpeleke upesi penye mashine ya kupumulia.