Mgongo wa mama na daftari la jioni

Mamangu hakukohoa hata siku moja, ndiyo maana TB ilichelewa kutajwa. Alilalamikia mgongo, katikati ya mabega, maumivu yakimzidi usiku. Kwa mtu aliyepita miaka 60 kila mmoja alikuwa na jibu: uzee, figo, baridi yabisi. Majirani zetu wa Kisauni, hapa Mombasa, walileta mafuta ya kukanda. Daktari wa kwanza alimpa vidonge vya maumivu, vikamchoma tumbo, tukapelekwa kwa daktari wa tumbo. Mkojo ulipopimwa ukakutwa na vijidudu, akaandikiwa antibiotiki. Sukari yake nayo ikapanda, mwingine akashughulika na sukari. Siwalaumu, kila mmoja alitibu kitu kilichokuwepo kweli. Alikosekana wa kuyaweka yote pamoja, nikaamua niwe mimi.

Nilinunua daftari na kipimajoto. Mama alikuwa akiamka nguo zimelowa, lakini ulikuwa mwezi wa Machi, na Mombasa ya Machi nani asiyelowa jasho? Jasho peke yake halikumwambia daktari yeyote kitu. Basi kila jioni baada ya Magharibi nilimpima joto kabla hajanywa parasetamoli, maana dawa hiyo hushusha homa ikaifanya isionekane. Asubuhi nilimpima tena. Uzito tulipima kwenye mzani uleule wa duka la dawa. Haikuchukua muda daftari likaonyesha lake: asubuhi mwili baridi, jioni homa, na uzito ukishuka tu. Kisha nikaandika jambo lililonitia hofu kuliko yote. Akipanda matatu, mguu wa kulia ulikuwa haumfuati, mpaka aunyanyue kwa mkono.

Tulipopata rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, nilikuwa nimeyafupisha yote kwenye ukurasa mmoja, kwa mpangilio wa tarehe, pamoja na kila dawa aliyokunywa. Aliusoma wote kabla ya kuuliza neno. Akamwambia, "Mama, naomba niuguse mgongo wako," akagonga kwa kidole pingili moja moja, na alipofika mahali fulani mama akaruka.

Picha ilionyesha pingili mbili zilizoliwa pamoja na diski iliyo kati yao. Daktari alinieleza kwamba saratani inayosambaa mifupani mara nyingi huiacha diski salama, ila picha haitoshi kukata shauri. MRI, kipimo kinachotoa picha za ndani ya mwili kwa undani, ikaonyesha usaha unaoubana uti wa mgongo, ule wa neva unaopita ndani ya pingili. Wakamchoma sindano kuchukua sampuli, na mashine ya GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya vijidudu vya TB, ikatoa jibu: TB, isiyo sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB.

Hapo daktari wa upasuaji na yule wa dawa walilazimika kuelewana. Apasuliwe sasa au dawa zianze? Kwa kuwa miguu ilikuwa bado ina nguvu ya kusimama, walianza na dawa, mkanda wa mgongo na kumfuatilia kwa karibu. Niliuliza, "Daktari, nikiona nini nisingojee siku ya kliniki?" Nashukuru niliuliza. Akanitajia: miguu kuzidi kulegea, kushindwa kuzuia mkojo au choo, ganzi sehemu anazokalia. Nilibandika orodha hiyo ukutani, ndugu zangu wote wakaisoma.

Dawa za TB hospitali za serikali ni bure. Ya mifupa hutibiwa miezi 12: miwili ya dawa nne, kumi ya dawa mbili. Tulionywa mapema kuhusu mkojo wa rangi ya chungwa unaoletwa na rifampisini, kwa hiyo hakushtuka. Picha ya kifua ilikuwa safi, na daktari aliwaambia jamaa wazi kuwa TB iliyo mgongoni tu haiambukizi kwa kukaa naye. Waliokuwa wakimtengea kikombe waliacha.

Sukari ndiyo iliyotusumbua. Rifampisini hupunguza nguvu ya glibenklamaidi, dawa ya sukari aliyokuwa akinywa, na daftari likaonyesha sukari ikipanda ingawa hakuongeza chakula. Wakambadilishia insulini. Mguu ulirudi polepole, upasuaji haukuhitajika, mgongo umebaki umeinama kidogo. Dawa za TB zilipokwisha tuliendelea kumpima sukari kila siku, kwa sababu rifampisini ikitoka mwilini mahitaji ya insulini yanaweza kupungua, na kipimo chake kilishushwa mara sukari ilipoanza kuteremka.